Anime tatu za kutazama hina ikikauka

Haya ni kwenu dada zetu, hasa nyinyi mabibi harusi.

Sisi washonaji wa Rondo, huku Lindi, tumekulia vitendawili: ukishindwa unatoa mji, na aliyetega anasimulia alivyofika huko. Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, hauko mbali na huo: mmoja anasimulia, kila mwenzake ana mhusika wake, dadu zinaamua. Mkipenda michezo ya namna hiyo, tazameni hizi.

Ya kwanza, Record of Lodoss War ya 1990. Ilizaliwa na mchezo wenyewe, uliochezwa mezani ukachapwa jaridani. Ina vita; watoto walale kwanza.

Ya pili, Delicious in Dungeon ya 2024. Kaka anamfuata dada yake aliyemezwa na joka. Hana pesa ya chakula, basi yeye na wenzake wanapika mazimwi wanayoyaua. Sufuria yao si halali, lakini mtacheka.

Ya tatu ndiyo yenu: Frieren ya 2023. Anaishi zaidi ya miaka 1,000, kwa hiyo miaka 10 ya safari na wenzake aliiona kitambo tu. Siku mmoja wao anazikwa ndipo analia: hakujishughulisha kumjua.

Uchawi uliomo tuuache humo humo. Ila kilio hicho kinatugusa. Wengi tunaowapima gauni wanaijua rangi ya kanzu ya bwana harusi, hawajui anaogopa nini. Nikaha ikishafungwa, muulizeni. Msingoje.