Mchawi Ni Nani?

Kulitamka neno "mchawi" ni rahisi mno. Anayelisema haulizwi ushahidi. Anayebandikwa ndiye ahangaike kutafuta wa kumtetea. Ukitaka kujua uzito wake, msomaji mwenzangu, twende kwanza Ngarambe, upande wa Rufiji, mwaka 1904.

Huko aliishi Kinjikitile Ngwale. Wazee waliohojiwa miaka ya 1960 walisimulia kwamba pepo alimchukua, akaenda kwa tumbo, mikono mbele, mpaka kwenye kidimbwi, akazama. Ndugu zake walilala ukingoni. Wajuao kuogelea walipiga mbizi, wasimwone. Kesho yake akaibuka mzima, nguo kavu! Tangu hapo akawa anatoa dawa: maji, mafuta ya mbarika na mtama. Eti atakayeipata, risasi ya Mjerumani itageuka maji.

Je, watu wale walikuwa wajinga? Hapana, bwana. Walikuwa wamechoka. Kodi, kiboko cha akida, na juu yake mashamba ya pamba waliyolimishwa kwa nguvu huku ya kwao yakimezwa na magugu. Wakamwita Kinjikitile mganga, maana aliujua ugonjwa wao. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Wakubwa wa Kijerumani walisema chanzo cha vurugu ni wachawi wanaowadanganya washenzi. Maneno hayo yaliwafaa sana. Ukishasema "mchawi", nani atauliza tena habari za pamba?

Sisemi maji yalifanya kazi. Mahenge, tarehe 30 Agosti, bunduki za rashasha ziliwafyeka watu kama majani. Vita viliendelea mpaka 1907. Mjerumani alichoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza waliosalia. Baadhi ya wanahistoria wanakadiria waliokufa walifika 300,000.

Lakini tusimcheke Mjerumani peke yake. Sisi wenyewe tumelishika neno lake, tena tunawapiga nalo wazee wetu. Bibi yangu, mzaa mama, aliishi Usukumani. Macho yake yalikuwa mekundu. Yasingekuwaje? Alipika kwa kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, moshi ukimwingia kila siku ya Mungu. Mwaka mmoja mtoto wa jirani alikufa kwa homa. Minong'ono ikaanza kisimani, ikahamia kilabuni. Mjomba alipoisikia hakungoja kupambazuke. Alimpakia mama yake kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamtoa kijijini gizani. Bibi alifia mjini, kitandani pake, kwa uzee. Vikongwe wangapi wa Shinyanga na Mwanza hawakuwa na mtoto mwenye baiskeli? Wao walifuatwa na mapanga usiku.

Nilimuuliza mjomba, shamba la bibi likoje? Akacheka, cheko lisilo na furaha. Jirani analilima, akasema, alianza msimu uleule.

Basi tangu siku ile, mtu akiitwa mchawi mbele yangu, huwa nauliza kwanza: anayemwita hivyo ni nani, na anataka nini? Mohoro walitaka pamba. Kwa bibi yangu walitaka ekari tatu.