Kamba, Timazi na Namba za Watu

Nilijifunza kunyoosha magurudumu kwa malori ya Mombasa. Karakana ilikuwa upande wa Changamwe, uwanja wa udongo ulioshindiliwa na mafuta machafu, na malori yaliyoletwa yalikuwa yakipeleka mizigo ya bandarini hadi mpakani Malaba na kurudi. Tairi za mbele zikianza kulika upande mmoja, mwenye lori hakuwa na habari ya digrii. Alichotaka kujua ni kama tairi mpya zitamfikisha mwisho wa mwaka.

Fundi mkubwa pale, sote tukimwita Ami, alikuwa na kamba ya nailoni, timazi ya mwashi na rula ya chuma. Kamba aliivuta ubavuni mwa lori kutoka nyuma mpaka mbele, akapima pengo lililopo kati ya kamba na ukingo wa rimu, mbele na nyuma, kisha akaingia chini kulegeza nati za tairodi. Hiyo ndiyo too: kama pua za magurudumu zinaelekeana au zinatazama nje. Timazi ilikuwa ya kemba, yaani ulalo wa gurudumu ukilitazama ukiwa umesimama mbele ya gari, kama juu limeingia ndani au limetoka nje.

"Ami, kwani hatuwezi kununua mashine?"

"Mashine itakwambia nini ambacho kamba haisemi?"

Leo ningekuwa na jibu: mashine inasema upesi. Zaidi ya hapo alikuwa sahihi, nami ilinichukua safari ya kuvuka bahari kulikubali hilo.

Dubai nilifika katika miaka ya 2000, mji ukijengwa usiku na mchana, nikapata kazi katika karakana kubwa ya Al Quoz. Sakafu yake ilikuwa safi kuliko jiko la mama yangu. Mashine ya alaimenti ilikuwa na kamera, kila gurudumu likivishwa kibao, na namba zikijitokeza kwenye skrini: nyekundu mbaya, kijani nzuri. Mwenzangu wa zamu, Mhindi wa Kerala aliyeijua mashine ile kama mfuko wa shati lake, alinionyesha siku za mwanzo jambo ambalo wateja hawakulijua. Kiwanda hakitoi namba moja, kinatoa nafasi. Gurudumu la kushoto likiwa mwisho huu wa nafasi na la kulia mwisho ule, yote mawili yatang'aa kijani, na gari litavuta upande barabarani. Msimamizi wetu alitaka kijani na gari linalofuata. Mteja alipewa karatasi yenye rangi nzuri, akalipa, akaondoka.

Kilichonitoa katika kazi ile ya kijani ni viwanja vya mbio. Dubai Autodrome ilifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2009 Abu Dhabi nayo ikapata Yas Marina. Viwanja hivyo huwa na siku ambazo mtu yeyote mwenye gari zima na helmeti analipa, anaingia, anakimbiza gari lake mwenyewe bila kushindania kikombe. Msimu wake ni miezi ya baridi, kuanzia Oktoba hivi mpaka Aprili; kiangazi cha Ghuba hakimruhusu mtu mwenye akili timamu kuvaa helmeti mchana. Ikawa kila msimu ukianza tunaletewa magari ya michezo, Porsche, Lotus, Mazda MX-5, baadaye Toyota 86, yote yakiwa na lalamiko moja. Tairi za mbele zilikuwa zimechanika bega la nje kwa asubuhi moja tu, huku upande wa ndani ukiwa kama mpya. Mwenye gari alisema ameuziwa tairi mbovu.

Tairi ilikuwa nzima. Gari la kawaida hutoka kiwandani na kemba ndogo sana mbele, mara nyingine karibu na sifuri, kwa sababu kiwanda kinamfikiria mtu anayekwenda kazini na kurudi, na kinataka akikosea mwendo kwenye kona gari lisukume mbele taratibu badala ya kuzunguka. Uwanjani ni habari nyingine. Gari linaingia kona ndefu kwa kasi, bodi inalala, na gurudumu la nje linalala pamoja nayo mpaka linakanyaga kwa bega. Ukilipatia gurudumu kemba hasi mapema, juu likiingia ndani, basi gari likilala ndipo gurudumu linasimama sawasawa na tairi inakanyaga kwa uso wake wote. Mzungu mmoja aliyekuwa na karakana ndogo mtaa wa nyuma, mtu wa mbio tangu ujana wake, alinichukua nikamfanyie kazi hiyo peke yake. Siku ya kwanza akafungua kabati, akatoa kamba, stendi nne na rula ya chuma. Nikacheka mpaka akadhani namdharau.

Wapimaji wa mbio bado wanatumia kamba, na wana sababu. Uwanjani hakuna sakafu ya mashine. Ukiwa na stendi nne na kamba mbili unajenga mstatili kuzunguka gari, ukahakikisha kila kamba iko mbali sawa na kitovu cha ekseli kushoto na kulia, basi una chombo kinachosoma nusu milimita, nacho kinaingia kwenye begi. Hesabu yake haina siri: kwenye rimu ya inchi 17, digrii moja ni kama milimita 7.5. Kwa hiyo ile timazi ya Changamwe nayo haikuwa mchezo. Milimita saba na nusu unaziona kwa macho.

Kabla ya kamba kuna kazi ambayo mteja haioni na hapendi kuilipia. Kwanza chini ya gari: boli jointi, bushi, beringi. Kitu kikicheza, namba zote ni uongo, kwa kuwa gurudumu litahama mahali pake ukifunga breki. Kisha sakafu. Nilitumia mpira wa maji wa waashi kutafuta usawa wa sehemu nne zinazokanyagwa na magurudumu, nikapandisha pale palipozama kwa vigae vyembamba. Kisha upepo wa tairi. Kisha urefu wa gari kutoka chini. Kisha mizani.

Mizani ni minne, mmoja chini ya kila gurudumu, na dereva lazima awemo. Kama hayupo tulimweka wa mchanga: mifuko juu ya kiti mpaka ifikie kilo zake, tangi likiwa nusu, stebiliza zimefunguliwa upande mmoja ili zisidanganye. Gari lenye springi za kurekebishwa ni kama kitanda cha kamba chenye mguu mmoja mrefu: ukizungusha springi ya kona moja kuiinua, kona hiyo inabeba zaidi, na ile ya mshazari wake nayo inabeba zaidi, zile mbili nyingine zinapungukiwa. Unatafuta jumla ya mbele kulia na nyuma kushoto iwe nusu ya uzito wote, au karibu. Bila hivyo gari litaingia vizuri kona za kushoto na kukataa za kulia, na mwenyewe atakuja kusema alaimenti yako mbovu.

Baada ya mizani ndipo kemba, ndipo kasta, yaani mwinamo wa mhimili wa usukani ukilitazama gari ubavuni, halafu too ya nyuma, na too ya mbele mwisho, usukani umefungwa usitikisike. Mpangilio huu haupindwi, maana ukigusa kemba too inahama. Kila ukishusha gari kutoka kwenye jeki unalisukuma mbele na nyuma likae, au unaweka chini ya tairi bati mbili zilizopakwa grisi katikati ziteleze. Nimeona mafundi wenye vyeti wakishusha gari na kusoma namba papo hapo, magurudumu yakiwa bado yamebana ndani.

Magari hayafanani kwa ukarimu. MX-5 ina bolti za kuzungusha kona zote, mtu unafanya kazi unaimba. Toyota 86, kama ilivyotoka kiwandani, mbele haina pa kurekebisha kemba. Unaingiza bolti nyembamba zaidi pale shokamzoba inapokutana na kitovu, ukapata digrii moja na kitu, au mteja ananunua sahani za juu. Porsche 911 GT3 imetengenezwa na watu waliojua mwenye gari atakwenda wapi: mkono wa chini umegawanyika vipande viwili, na katikati unaingiza shimu, vibati vyembamba vya chuma. Shimu zikiongezeka, chini ya gurudumu kunasukumwa nje, kemba hasi inazidi. Unatoa, unaingiza, unarudi kwenye kamba.

Mteja wangu ninayemkumbuka kuliko wote alikuja na GT3 kutoka Muscat. Mzee wa Kiomani, wazazi wake walitoka Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Mji Mkongwe, kimetulia. Alikuwa amesikia kuna fundi wa Mombasa. Akanipa karatasi yenye namba za mtu wa Ulaya aliyekimbia vizuri na gari kama lake: kemba ya mbele digrii tatu na nusu hasi, too ya mbele nje.

"Nifungie hizi hizi, mwanangu."

"Mzee wangu, uwanjani gari unalileta kwa lori?"

"Lori la nini? Naendesha mwenyewe. Gari la kubebwa si gari."

Muscat mpaka Dubai kwa njia ya Hatta ni zaidi ya kilomita 400, karibu zote zimenyooka. Nikamweleza kwamba barabara iliyonyooka ndiyo inayokula tairi yenye kemba kubwa, kwa kuwa gari halilali, inakanyaga kwa upande wa ndani tu safari nzima. Ukiongeza too ya nje, kila gurudumu linavutana na mwenzake na usukani unatangatanga kwa kila mkunjo wa lami. Nikamuuliza tairi gani alizonazo. Za barabarani za kawaida. Yule wa Ulaya alikuwa na tairi laini za uwanjani, zenye mshiko unaolilaza gari zaidi. Zikiwa na mshiko mdogo, hata ile kemba hazina kazi nayo.

"Sasa namba zangu ni zipi?"

"Hatujazijua. Tutaziuliza tairi."

Tulianza na digrii mbili hasi mbele, too sifuri, nyuma chini kidogo ya mbili na too ya ndani kidogo ili mkia utulie anapofunga breki. Asubuhi yake nilikuwa naye Autodrome na kipimajoto cha sindano. Upepo nilimwekea psi 26, tairi zikiwa baridi, nikijua zikipata moto utafika kama 32. Alipotoka mzunguko wa kasi nilimzuia asifanye mzunguko wa kupoza. Gari likitembea pole pole kwenye sehemu zilizonyooka, upande wa ndani unapata moto wa bure na vipimo vinakudanganya. Sindano inachomwa ndani ya raba, nje, katikati, ndani, ukianza na tairi iliyofanya kazi zaidi, na mkono lazima uwe mwepesi. Mbele nilisoma nje 98, katikati 91, ndani 84. Bega la nje bado linaungua. Tukaongeza shimu pale pale kwenye lami, tukafika digrii mbili na nusu, tukarudisha too, akaingia tena. Safari hiyo ndani ilikuwa juu ya nje kwa digrii sita au saba, na katikati palikuwa kati yake, ndivyo ninavyopenda. Kama katikati pangezidi pande zote mbili, upepo ungekuwa mwingi.

Mzee akashuka, akavua helmeti, akatazama karatasi yake ya Ulaya. "Kumbe huyu bwana ana gari lake na mimi nina langu."

Jioni nilitoa shimu zile nilizoongeza, nikamfungia kwenye mfuko wa plastiki ulioandikwa kushoto na kulia, nikarudisha too ya safari, akaenda Muscat na digrii zake mbili. Alirudi miaka kadhaa, na kila mara mfuko ulikuwa kwenye buti.

Yas Marina ina tabia yake: inazungushwa kinyume cha saa, kwa hiyo tairi za kulia ndizo zinazochoka. Walikuwapo waliotaka kemba ya kulia izidi ya kushoto. Gari la mbio tupu nilifanya. Gari lenye namba ya barabarani nilikataa, na wengine walinuna, kwa kuwa walikwisha kusoma mahali kwamba ndivyo inavyofanywa.

Nilirudi Mombasa na stendi zangu nne na kipimajoto. Kazi sasa ni Probox na matatu kwa wingi, na Subaru Impreza za vijana. Impreza ni gari jema kwa fundi, mbele ina bolti ya juu ya kuzungusha kemba tangu kiwandani. Mwezi uliopita kijana mmoja kaja na yake, simu mkononi, ndani ya simu namba za GT3. Anataka akimbizane na saa kwenye milima ya bara, na anazitaka namba zile zile.

Niliingia chini kwanza, nikashika gurudumu la kushoto juu na chini, nikalitikisa. Boli jointi inacheza. Nikamwambia akanunue hiyo, na ya kulia pia, arudi Jumamosi.