Jina Lisipotee Njiani

Kila lugha ina herufi zake, na kila njia ina alama zake. Taabu huzuka pale herufi ya lugha inapofanana na alama ya njia. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na huenda msomaji akastaajabu kuniona naingia katika mambo ya programu za simu. Lakini popote yanapoandikwa majina ya watu, mwanalugha ana neno la kusema.

Simu ipelekapo ombi katika intaneti, hutunga anwani ya mstari mmoja. Katika mstari huo kiulizi hutangulia maswali, alama ya & hutenga jambo na jambo, na nafasi tupu hairuhusiwi kamwe. Kanuni za Januari 2005, zijulikanazo kwa jina la RFC 3986, zaagiza kwamba herufi ngeni, au yenye kazi nyingine njiani, ivishwe vazi la alama ya asilimia na tarakimu mbili. Hivyo nafasi tupu huwa %20, na & huwa %26.

Tutazame nyanda za juu za Kigoma. Duka la Kasulu likiitwa “Baba & Wanawe”, nalo likapelekwa bila vazi, hufika baba peke yake; wana wamekatwa. Namba ya simu ya mtu wa Kibondo ianzayo na +255 hupotewa na alama yake, kwa kuwa seva nyingi husoma + kuwa ni nafasi tupu. Usalama wake ni %2B. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 ile ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena kwa Warundi. Wageni hao walikuja na majina kama Aimé. Herufi é katika UTF-8 ni %C3%A9, bali katika mpango wa zamani wa Latin-1 ni %E9. Simu ikisema kwa mpango mmoja na seva ikasikia kwa mwingine, jina halionekani daftarini, na mtu aliyesimama mbele ya meza huambiwa hayupo.

Kiswahili nacho hakikusalimika. Ngoa ni tamaa au wivu. Ng'oa ni kutoa kwa nguvu kilichoshika. Kinachotenga maana hizo ni ritifaa tu. Nayo ritifaa ina sura mbili katika simu: iliyonyooka, %27, na iliyopinda, %E2%80%99. Jicho huona moja. Mashine huona mbili. Hapa vazi halitoshi. Mtunga programu sharti achague sura moja kabla ya kutafuta neno.

Nimesikia vijana wakishauri kwamba alama hizi zifutwe ili kazi iwe nyepesi. Siukubali ushauri huo. Dawa yenyewe si ngumu: kila kipande kivishwe peke yake, mara moja tu, kisha vipande viunganishwe. Anwani nzima ikivishwa, hata alama za njia hufunikwa. Ikivishwa mara mbili, % hugeuka %25, na %27 huwa %2527, isiyosomeka tena kuwa ritifaa. Njia imekwisha kuandaa vazi kwa kila herufi. Hapana sababu ya mtu kukatwa jina lake ili apate kupita.