Darasa la Wazazi, Misungwi

Hiace ilitushusha kando ya lami, na pikipiki ikanimalizia njia hadi kijijini, katikati ya majaruba ya mpunga. Malezi nilikuwa nimeyasoma ofisini tu. Nilijua kuwa utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Nilijua pia kuwa mkoani Mwanza vijiji 8 viliwahi kushirikishwa katika jaribio: baadhi vikafundishwa malezi, vingine kilimo biashara, vingine vyote viwili. Darasa lenyewe sikuwahi kulikalia.

Lilikuwa chini ya mwembe. Akina mama walijaa mikekani. Wanaume walikuwa wawili, na mmoja wao ni mwenyekiti wa kitongoji, kwa hiyo simhesabu. "Mwangaluka," nikasalimia, wakacheka Kisukuma changu.

Somo lilikuwa muda wa kukaa na mtoto: dakika chache tu, mtoto achague mchezo, mzazi amfuate bila kuamuru. Bibi mmoja akajitolea kuwa mtoto. Akakaa chini, akachora mchangani kwa kidole. Aliyeigiza mama hakufika mbali.

"We, utachafua gauni!"

Kicheko. Wakarudia, akafoka tena. Mwishowe akachuchumaa, akauliza, "Unachora nini?"

"Ng'ombe wa babu. Huyu ana mimba."

Baadaye nikatoa dodoso. Nikamuuliza mama mmoja ni mara ngapi mtoto wake hukosa wa kumwangalia.

"Wakati wa mpunga natoka alfajiri. Mdogo anabaki na dada yake wa miaka tisa." Akachungulia karatasi yangu. "Sasa mwanangu, hapo unaniandikia kosa?"

Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mzazi asipokuwepo, mtoto atunzwe na mtu anayefaa. Sawa. Lakini dodoso langu lilikuwa na visanduku vya "mara nyingi" na "mara chache", halikuwa na pa kuandika palizi. Kwa maoni yangu, swali lisilouliza nani angeweza kusaidia linamhukumu maskini kwa umaskini wake.

Mwezeshaji, mkulima wa hapohapo kijijini, alikuwa anatusikiliza. Akauliza nani wana majaruba yanayopakana. Mikono mitatu ikanyooshwa. Basi, akasema, mmoja abaki na watoto wote, wawili walime na sehemu yake, kwa zamu. Kwenye mwongozo wake somo hilo halimo, niliupekua. Wakakubali, kisha wakaanza kubishana nani abaki Jumatatu, siku ya mnada.