Guangzhou: ukiitwa "pengyou" usivimbe kichwa, kaa kwanza unywe chai

Ukitua Guangzhou kwa mara ya kwanza, neno la kwanza la Kichina utakalopewa bure ni "pengyou". Maana yake rafiki. Utaitwa pengyou na dereva wa teksi, utaitwa na muuza soksi, utaitwa hata na yule anayekuvuta shati uingie hoteli yake. Usivimbe kichwa, ndugu yangu. Pengyou ile ni sawa na "rafiki" anayoitwa mzungu pale Forodhani, Zanzibar. Ni ya kukuita dukani, siyo ya kukukopesha.

Neno lenye hela ndani yake ni "lao pengyou", yaani rafiki wa zamani. Kutoka la kwanza kulifikia la pili, watu wanatumia miaka. Wengine wanakufa njiani na mitaji ya watu mikononi. Mpenzi msomaji, wiki hii nataka tutembee kidogo huko Mashariki ya Mbali tuone hiyo njia ikoje, maana siku hizi kila kijana wa Kariakoo mwenye pasipoti mpya anakwambia naye anakwenda China kuula.

Mimi mwenyewe sina kontena. Nilimaliza kidato cha nne, na kazi yangu katika safari mbili nilizokwenda, mwaka 2019 na mwaka 2024, ilikuwa kumfuata mama mdogo, kubeba sampuli na kuandika hesabu kwenye daftari. Mama mdogo anauza viatu vya watoto kwa jumla. Alianza na Dubai kama wenzake wengi, akasogea Hong Kong, na mwaka 2004 akaingia Guangzhou. Shule hakwenda mbali, lakini kwa biashara ya huko ni profesa, asikwambie mtu.

Guangzhou ndiyo ile Canton ya vitabu vya zamani, mji wa bandari kando ya Mto Lulu. Maonyesho yake makubwa ya biashara yalianza mwaka 1957 na yanafanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba. Waafrika walianza kujaa pale baada ya uchumi wa Asia kuyumba mwaka 1997, wengi wao wakihama kutoka Bangkok, Jakarta na Hong Kong kufuata bei za kiwandani. Mtaa wao ni Xiaobei. Ijumaa utawaona wanaume wa kila taifa wakielekea kuswali kwenye msikiti ulio karibu na kaburi ambalo Waislamu wa mji ule husimulia kuwa ni la Saad bin Abi Waqqas, mjomba wa Mtume. Kwa hiyo mgeni kutoka mbali si kitu kipya pale.

Viatu viko Zhanxi, karibu na stesheni ya zamani ya reli. Ni majengo juu ya majengo, ghorofa juu ya ghorofa, na kila chumba ni viatu tu mpaka macho yanauma. Bei hazisemwi, zinaandikwa kwenye kalkuleta. Muuzaji anabonyeza yake, anakusogezea. Wewe unafuta, unabonyeza yako, unamrudishia. Kama hakuna kalkuleta, vidole vinatosha: kidole gumba na kidole cha mwisho vikinyooshwa ni sita, gumba na cha shahada kama bastola ni nane. Mama mdogo hajui sentensi kumi za Kichina, lakini kwa vidole anapiga soga.

Siku ya kwanza tulipoingia kwa yule mama wa Kichina anayemuuzia, mimi nilishatoa daftari na kalamu. Wenyewe wakakaa. Ikaja chai, vikombe vidogo kama vya kahawa ya mtaani. Wakaulizana habari za watoto kwa simu inayotafsiri. Nikaona saa nzima inakwenda.

"Mama mdogo, mbona hatuulizi bei?"

"We mtoto, kaa. Bei haikimbii."

Kila akimiminiwa, mama mdogo aligonga meza kwa vidole viwili. Ndiyo asante ya watu wa kusini mwa China. Hadithi yao ni kwamba mfalme mmoja alitembea kwa kujificha, akawamiminia chai watumishi wake. Kupiga magoti wangemuumbua, basi wakapigisha vidole magoti mezani. Uongo au kweli, mgeni anayegonga meza vile anaonekana kuwa amekuja kukaa, siyo kupita.

Baada ya chai ndiyo kazi. Unachagua sampuli. Mama mdogo anaandika jina lake kwenye soli, kiatu cha kushoto anaondoka nacho, cha kulia anakiacha, ili mzigo ukitoka kiwandani wote wawili wana cha kulinganishia. Unalipa asilimia 30. Mzigo ukiisha unaukagua, ndipo unamaliza 70 kabla haujapakiwa. Usafiri wa meli unapimwa kwa ujazo, siyo kwa kilo, kwa hiyo maboksi yenye hewa nyingi yanakula faida yako. Na kalenda usiisahau: mwaka mpya wa Kichina unaangukia mwishoni mwa Januari au Februari, viwanda vinafungwa, wafanyakazi wanarudi vijijini. Tena viatu vya shule lazima viwe Kariakoo Desemba. Anayekumbuka Novemba ameshachelewa, maana meli peke yake inakula mwezi na zaidi.

Kutoka hapo tulipanda treni ya usiku kwenda Yiwu, mkoa wa Zhejiang, zaidi ya kilomita 1,000. Yiwu ni kimbembe kingine. Soko lake la kimataifa lina vibanda kama 75,000. Nilipiga hesabu kwenye daftari: ukikaa dakika tatu tu kila kibanda, masaa nane kwa siku bila kupumzika, utamaliza siku ya 469. Vibanio vya nywele, mabegi ya shule, vifungo, soksi, mapambo ya Krismasi, vyote viko pale.

Unajua mji ule ulianzaje? Ardhi yake ilikuwa haina rutuba. Wanaume walibeba sukari guru begani, wakipita vijijini wakipiga kangoma, wakibadilishana sukari na manyoya ya kuku. Manyoya mabovu yalikuwa mbolea, mazuri yalikuwa ya kutengenezea vyombo vya kufutia vumbi. Machinga watupu! Mwaka 1982 wakuu wa wilaya wakaruhusu soko rasmi, na wajukuu wa wale machinga leo wanaiuzia dunia nzima. Mama mdogo aliposimuliwa hayo alicheka, akasema kumbe hawa ni Wamachinga wenzetu, ila wao hawakufukuzwa barabarani.

Sasa usidhani ukishaijua China umeijua Asia ya Mashariki yote. Hong Kong ni dakika kama 50 kwa treni ya kasi kutoka Guangzhou, lakini pasipoti yako inagongwa kuwa umetoka, kwa hiyo kama viza yako ya China ni ya kuingia mara moja, kurudi ni kasheshe. Pale kuna Chungking Mansions, jengo la mwaka 1961 lenye ghorofa 17 katika barabara ya Nathan, ambako miaka ya 2000 simu za mkononi zilinunuliwa kwa mabegi kuja Afrika. Watu wa pale wanaongea Kiingereza na kuhesabu haraka. Chai ndefu hawana.

Japani nayo ni dunia nyingine. Jamaa yangu wa Ilala anayeagiza magari alinipa darasa. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, kwa gharama kubwa. Wenye magari wanachoka, wanayaachia mapema, yanakwenda mnadani, yanakuja kwetu yakiwa bado mazima. Kila gari lina karatasi ya maksi. Ukiona R au RA ujue liligongwa likatengenezwa. Huko hakuna vidole wala kalkuleta, karatasi ndiyo inasema. Ukipewa kadi ya jina, ipokee kwa mikono miwili, isome, usiisukumie mfuko wa nyuma. Na Mjapani akikwambia "itakuwa vigumu", usisubiri jibu. Hilo ndilo jibu.

Kwa Wakorea nguo za jumla za Dongdaemun, mjini Seoul, zinauzwa usiku mpaka alfajiri. Na usishangae ukiulizwa umri mapema, kwa sababu lugha yao inabadilika kulingana na nani mkubwa. Hapo Mswahili hana taabu. Aliyekulia kwenye "shikamoo" anaelewa bila mkalimani.

Basi, turudi kwenye lile neno, lao pengyou. Tarehe 28 Machi 2020 China ilifunga milango kwa wageni kwa sababu ya korona. Mwezi uliofuata Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala barabarani, mpaka mabalozi wa Afrika wakaandika barua ya malalamiko. Milango haikufunguka vizuri mpaka mwaka 2023. Karibu miaka mitatu!

Mama mdogo alikuwa ameshalipa ile asilimia 30 kwenye maduka mawili. Hela ile haikuwa yake peke yake. Ilikuwa na upatu wa akina mama kumi na mmoja, na mkopo ambao hati ya nyumba ya marehemu babu ilikuwa benki. Nyumbani tulikuwa tunakula huku tunasikiliza simu. Duka la kwanza, ambalo alilijua kwa msimu mmoja tu, lilizima simu. Hela ikaenda na maji. Duka la pili lilikuwa la yule mama wa chai. Huyu alipiga picha za video kila katoni, akafungua viatu mbele ya simu, akapeleka mzigo kwa wakala, na zile asilimia 70 akasema, lipa ukiuza.

Nilimuuliza mama mdogo kwa nini yule mama aliamua vile. Akanisimulia kuwa mwaka 2016 alipofungua kontena alikuta katoni mbili zaidi ya hesabu. Mwenye kujua alikuwa yeye na Mungu wake. Akapiga simu Guangzhou, akazilipia. Yule mama hakusema mengi siku ile. Alikaa nalo miaka minne, akalirudisha siku ya shida. Nyumba ya babu imebaki, na akina mama kumi na mmoja wamepokea upatu wao, japo kwa kuchelewa.

Kwa hiyo wewe kijana unayejiandaa kwenda, tiketi utapata, viza utapata, na dola za kuanzia utazikopa kwa mjomba. Jifunze na vidole vyao, jifunze na kalenda yao. Ila ukikuta katoni iliyozidi, usiifiche. Huko wanahesabu kimyakimya, na kumbukumbu zao ni ndefu kuliko safari ya meli.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.