Kreti ya soda nusura iniponze

Jumamosi moja nilikuwa nyuma ya nyumba yetu mtaani Umoja, Nairobi, nikitia cheni ya pikipiki mafuta. Kama ilivyokuwa desturi yangu, niliinua gurudumu la nyuma kwa kreti tupu ya soda. Kifungua mimba wangu, mwenye umri wa miaka sita, alichuchumaa kando akinishikia kitambaa, hadi mamake alipomwita kunywa uji.

Hakuwa amefika mlangoni kreti ilipopasuka. Pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 100 ikaanguka pale pale alipokuwa.

Mke wangu hakunigombeza. Alitazama tu, akamshika mtoto mkono, wakaingia ndani. Kimya kile kiliniuma kuliko matusi.

Jumatatu nilikwenda Gikomba kwa fundi wa jua kali, akanichomelea stendi ya bomba nene, yenye miguu iliyotanuka na mikono miwili ya mpira inayoshika vyuma vya pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Hata waendeshaji wa mashindano hutumia stendi za aina hiyo.

Msomaji, kabla hujalipa, ipandishie pikipiki yako, kisha uitikise. Ikiyumba, iache, rahisi ni ghali. Nyumbani iweke juu ya saruji, si udongo. Na usiwashe injini ili cheni izunguke, itakukata vidole. Zungusha gurudumu kwa mkono.

Mwanangu angali hunishikia kitambaa, lakini nyuma ya mstari wa chaki. Mamake ndiye aliyeuchora.