Gari la Pwani, Sakitu ya Makete

Shemeji yangu alivunjika mkono katika ajali ya gari kwenye barabara ya Makete kwenda Njombe, alfajiri moja ya mwezi wa saba, na dereva nilikuwa mimi. Watu wa Ubena Zomozi wameisikia habari hii kwa namna niliyotaka mimi isikike. Sasa naisema ilivyokuwa.

Gari ni Subaru Impreza WRX, lenye tabo na gia za mkono. Waliokuwa vijana wakati ule wanajua tamaa hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza vilevile. Nilipolipata langu, la mtumba kutoka Japani, pesa zote zilikwenda kwenye rimu, taa na bomba la moshi la kunguruma. Lilipopita barabara ya Morogoro watoto walisimama kulitazama, na mimi nilitaka lipite tena.

Siku moja likachemka nikitokea Chalinze. Nikalipeleka kwa fundi wetu, mtu mzima ambaye ametengeneza magari hapa tangu sijui kushika usukani. Akafungua mfuniko wa rejeta akanionyesha maji mekundu ya kutu. Nilikuwa najaza maji ya kisima, na huku kwetu maji ya kisima yana chumvi. Akasema rejeta isafishwe, ijazwe kulanti, na thamostati iliyokwama inunuliwe nyingine. Nilipopiga hesabu nikaona ni sehemu kubwa ya bei ya taa nilizokuwa nazitaka. Nikamwambia aitoe thamostati, atie maji, afunge.

"Mwanangu, kile kifaa hakikuwekwa kwa urembo," akaniambia.

Nikamjibu kwamba kulanti ni mambo ya nchi za theluji, sisi tuko Pwani. Akafanya nilivyoagiza, kwa kuwa gari ni la mwenyewe.

Naomba nieleze kifaa chenyewe kinafanya nini, maana si mimi peke yangu niliyekidharau. Thamostati ni valvu ndogo inayozuia maji ya injini yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, nyuzi 80 hivi. Ukiitoa, maji huzunguka na kupozwa tangu unapowasha. Huku kwenye joto hasara yake haikupigi usoni. Kwenye baridi injini haipati moto wake, inakula mafuta, na hita, ambayo huchukua joto kwenye maji yaleyale, inakupulizia upepo wa baridi. Kulanti nayo, ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, haigandi mpaka kwenye nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Lakini pia inachelewesha maji kuchemka na inazuia kutu. Gari langu lilichemka kwa sababu ya kutu, nami nikakataa kitu kinachozuia kutu kwa hoja kwamba kwetu hakuna theluji.

Mke wangu ni Mkinga wa Makete. Mdogo wake alipokuwa anaolewa, baba mkwe alipiga simu kutukumbusha kwamba mwezi wa saba kule sakitu inaanguka, tuje na makoti. Makoti tukapakia. Mke akaniuliza kama gari limetazamwa na fundi. Nikasema ndiyo.

Safari ya kwenda ilikuwa njema. Tulipanda Kitonga bila mshale wa joto kutingishika, na baada ya Mafinga ukashuka kabisa. Nilifurahi. Nilisema kwa sauti, mke anasikia, kwamba mafundi wanatuuzia spea tusizozihitaji.

Njombe mjini pako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo, ule wanaouita Bustani ya Mungu, uko kama mita 2,600. Mtu aliyezaliwa Bagamoyo anaujua umande. Majani meupe yanayovunjika chini ya kiatu ni habari nyingine. Jioni tuliyofika baba mkwe, ambaye aliendesha malori zamani, aliniuliza kama rejeta ina kulanti, au tumwage maji mpaka asubuhi kama walivyokuwa wakifanya wao. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma cha injini hakina pa kukimbilia, kinapasuka. Nilisema kulanti ipo. Nilimdanganya mzee kwake, nimeshika kikombe chake cha chai. Maji hayakuganda usiku ule, na sikuwa na mchango wowote katika hilo.

Alfajiri nilitakiwa nimpeleke shemeji Njombe kupokea wageni. Boneti ilikuwa nyeupe. Stata ikazunguka kwa kusuasua kisha ikanyamaza. Ndani mlikuwa na oili ya 20W-50 niliyoichagua kwa ajili ya joto la Pwani. Ile namba inayotangulia W ndiyo ya baridi, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo oili inavyokuwa nzito asubuhi. Betri nayo ilikuwa imechoka. Joto la kwetu huila betri polepole, na baridi ndiyo inayoumbua. Vijana wakalisukuma, likawaka, nami nikakanyaga mafuta mara kadhaa ili wasikie mlio, wakati tabo inategemea oili ambayo ilikuwa bado haijafika. Shemeji akasema tungoje injini ipate moto. Isingepata hata tungengoja mpaka adhuhuri, na sikumwambia kwa nini.

Kioo cha mbele kikajaa mvuke wa pumzi zetu. Hita ilitoa baridi. AC, ambayo ingekausha hewa ile, niliiacha bila gesi muda mrefu kwa kuwa nilizoea kushusha vioo. Shemeji alikuwa anapangusa kwa khanga, mimi nachungulia, na bado nilikwenda kasi kwa sababu tumechelewa.

Matairi yalikuwa mapana, yana kashata nzuri, ndiyo maana niliyaamini. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Yangu yalisomeka 1410, wiki ya 14 ya mwaka 2010. Mpira mzee ni mgumu, na hata mpira mpya wa matairi ya nchi za joto hupoteza mshiko joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Kwenye kona nikamwona mama amebeba kuni, nikiwa nimeshamkaribia mno. Nikakanyaga breki. Gari likateleza, likampita, likaingia mtaroni upande wa kushoto alikoketi shemeji.

Yule mama alitua mzigo wake, akaja kutusaidia kufungua mlango. Shemeji alitibiwa Ikonda, akahudhuria harusi ya dada yake akiwa na plasta.

Yote hayo yangeweza kuitwa uzembe. Nilichofanya baadaye hakina jina laini. Nilipoulizwa nyumbani na kijiweni, nilisema fundi alitoa thamostati bila kuniambia. Nililisema mara ya kwanza kwa hofu ya wakwe, kisha nikaendelea kulisema kwa sababu lilikubalika. Wateja wakaanza kumpita wakapeleka magari Chalinze. Yeye hakuja kuniuliza. Tulipokutana sokoni alinisalimu na kuniuliza mkono wa shemeji unaendeleaje, nikamjibu na kuondoka haraka.

Nimempigia baba mkwe nikamweleza ukweli. Nimemweleza mke wangu. Shemeji alinyamaza, kisha akauliza, "Fundi ameshaambiwa?" Nikaenda gerejini, nikamwomba radhi mbele ya vijana wake. Alinisamehe. Wale waliohama bado hawajarudi, na msamaha wake hauwezi kuwarudisha.

Kwa hiyo nawaomba wenye magari wa Ubena, Lugoba na Msata. Mkisafiri kwenda Njombe, Makete au Mbeya kati ya mwezi wa sita na wa nane, wekeni kulanti na thamostati, someni tarehe za matairi, pimeni betri, hakikisheni hita inatoa joto kabla hamjaondoka. Na kama mliacha kwenda kwa fundi yule kwa maneno yangu, rudini kwake. Thamostati ilitolewa kwa amri yangu, yeye akiwa amenikataza.